Siti Wawili, Fomula Moja

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Leo kidato cha nne wameanza mtihani wa kuchujana. Wako hamsini na wanane, na vitanda vya dahalia ni ishirini. Atakayepata kitanda atalala skuli, atasoma na walimu mpaka mtihani wa taifa. Atakayekosa atajijua mwenyewe, na kwa wale wanaotoka mbali kujijua mwenyewe maana yake ni kuacha.

Mkuu wetu, Mwalimu Marhoun, alinikabidhi mimi matokeo mbele ya walimu wote. Alisema, "Bi Nadhira ndiye tuliyempeleka mjini Chake kusomea kompyuta. Safari hii hatutaki tena mambo ya rula." Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. Ukweli ni kwamba siku ya pili ya mafunzo, walipofundisha ile fomula ya kutafuta, mimi nilikuwa dukani nachagua kitambaa cha Idi. Fomula niliyonayo niliinakili kwenye daftari la jirani yangu. Naweza kuiandika vizuri tu. Kwa nini inafanya inavyofanya, hilo sijui, na nimeliandika hapa kwa sababu pengine popote sitalisema.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimesimamia Bailojia, miguu imerowa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu Silima kanipa rejista yake. Miaka ishirini na miwili matokeo ya skuli hii yamepita mkononi mwake, kwa rula na kalamu nyekundu, na kila mwaka alikuwa akichukua wiki nzima huku akimfokea kila anayepita karibu na meza yake. Ni mtu wa kuchosha. Hata kikombe chake cha chai hukigeuza kishikio kielekee dirishani.

Pembeni ya majina ya wanafunzi ameandika kwa penseli majina ya mama zao. Nikamuuliza, "Mwalimu, na hawa kina mama wanafanya mtihani?" Chumba kizima kikacheka. Mwalimu Hamzah wa Jiografia alicheka mpaka akamwaga chai. Silima akafunga kalamu yake na kwenda zake.

Nimechapa orodha kwa majina matatu, kama fomu za wizara zinavyotaka. Kina mama nimewaacha. Namba za usajili nazo nimeziacha, maana walimu huniletea alama zikiwa na majina tu, na hakuna mtoto anayekumbuka namba yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesahihisha Hesabu mpaka kidole kimeota sugu. Samah, mtoto wa dada yangu Zuweina, anakaa kwangu na yumo katika hao hamsini na wanane. Karatasi yake niliisahihisha mwisho, ili nisije nikasema nilimpendelea.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimejiona mtu. Kila somo lilikuwa na ukurasa wake kwenye faili, na ukurasa wa mbele una majina matupu. Nikaandika ile fomula ya kutafuta, VLOOKUP, kwenye seli ya kwanza. Inachukua jina, inakwenda kwenye ukurasa wa somo, inashuka orodha kutoka juu, ikilikuta jina inasimama na kurudi na alama. Nikaivuta fomula mpaka mstari wa hamsini na nane, safu nzima ikajaa. Walimu walinizunguka. Hamzah akasema, "Yakhe, kazi ya wiki imekwisha kabla ya adhuhuri." Silima hakuinuka kwenye kiti chake, na mimi nilihakikisha ameona.

Samah ni wa ishirini. Wa ishirini hasa. Zuweina alipopigiwa simu alipiga kigelegele nikaisogeza simu mbali na sikio.

Jumanne, 22 Aprili

Matokeo yamebandikwa. Kuna jambo limetokea, nataka niliandike kama lilivyokuwa.

Darasani kuna wasichana wawili wenye jina moja, Siti Nassor Suhail. Si ndugu. Huku kwetu kila mtu humpa mwanawe jina la mzee wake, basi majina ni yale yale yanazunguka, na hata ukiongeza la nne hawa wawili wanalingana. Mmoja ni wa hapa hapa kijijini, mwingine anatoka kisiwa cha Kojani na anakaa kwa shangazi yake nyuma ya skuli. Wote wawili wamepata wastani wa thelathini na moja. Si wastani tu. Hesabu ishirini na saba na ishirini na saba, Kiswahili arubaini na arubaini, na masomo yote hivyo hivyo.

Hamzah akasema, "Hawa wameibiana hata kufeli." Silima akaweka miwani, akasema haiwezekani. Nikamjibu kabla hajamaliza kwamba kompyuta haina jirani wala shemegi, imeleta ilichokikuta.

Mkuu akauliza, "Basi imekuwaje?"

Nikasema, "Basi wamenakiliana."

Ni mimi niliyesema. Mstarini wakasimamishwa mbele ya skuli nzima. Siti wa kijijini alilia. Siti wa Kojani hakulia, akasema, "Mwalimu, sie hata chumba kimoja hatukukaa."

Alisema kweli, vyumba nilivipanga mwenyewe. Lakini watu mia nne walikuwa wakinitazama. Nikamwambia, "Basi mmepeana chooni."

"Alama zile si zangu."

"Za nani basi?"

"Sijui, mwalimu. Weye ndiye unayejua."

Nikaona ni kiburi. Wametakiwa walete wazee.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama yake Siti wa Kojani amekuja, anaitwa Bi Mwatum. Buibui lake lilikuwa limerowa maji ya chumvi mpaka magotini. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu, nsamehe, ni ujinga wa ntoto. Nimemwambia, mwalimu hawezi kukuonea, mwalimu hasemi urongo." Binti alisimama nyuma yake anatazama ukuta.

Bi Mwatum ameniletea pweza mkavu amefungwa kwenye gazeti. Nimempokea. Tumempika na nazi, Samah amerudia sahani.

Jumapili, 27 Aprili

Shangazi wa Siti kasema nyumbani kwake haweki mtoto mwizi. Siti amerudi Kojani. Kanieleza Samah, kwa sauti ya kawaida tu, huku anachambua mchele.

Jumatano, 30 Aprili

Mkuu alitaka wanafunzi warudishiwe karatasi wajisahihishe. Nikakaa peke yangu chumba cha walimu, saa nne asubuhi, mvua inapiga bati hata kengele sikuisikia, nikawa nazipanga karatasi za Hesabu. Siti Nassor Suhail, ishirini na saba. Nikaendelea. Karibu na chini, Siti Nassor Suhail, themanini na tatu, majibu kwa mwandiko wa yule wa Kojani.

Mwandiko wa alama ni wangu. Zile nane na tatu niliziandika mimi na kuzizungushia duara. Hata nilikumbuka swali la tisa, alilifanya kwa njia fupi kuliko niliyofundisha, nikampa vema mbili.

Nikafungua laptopu. Sikuhitaji muda mrefu. Fomula inashuka kutoka juu, inalikuta jina la Siti wa kijijini, inasimama. Ikitumwa mara ya pili kwa Siti wa Kojani, inashuka tena kutoka juu na kusimama pale pale. Haijui kama chini kuna mwingine. Imekuwa ikileta alama za yule wa kwanza mara mbili, kila somo, na mimi nikawaita wezi wote wawili. Kama ningeyachapa yale majina ya mama, ingewajua. Siti wa Mwatum, Siti wa Saada. Silima aliyaandika kwa penseli na mimi nikafanya mzaha.

Nikazikokotoa kwa mkono alama za yule wa chini, somo kwa somo. Siti wa Kojani ana wastani wa sabini na nane. Ni wa tatu katika kidato. Wote waliokuwa chini yake wanashuka nafasi moja, na wa ishirini anakuwa wa ishirini na moja.

Nilikaa na karatasi ile mapajani. Kisha nikaiingiza chini kabisa ya fungu, nikaenda darasani, nikawaambia baadhi ya karatasi zitakuja wiki ijayo.

Mkono uliofanya hivyo ndio huu unaoandika.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimelala mchana kutwa. Sijasema.

Jumatatu, 5 Mei

Wameingia dahalia. Zuweina alikuja na godoro jipya kichwani, hakutaka kumwachia mtu mwingine. Alinibusu bega na kuniambia, "Mdogo wangu, nchi hii ya Mungu, ingekuwa si weye mwanangu angekosa." Hakujua alichokisema. Nilikwenda nyuma ya jiko kujifanya natafuta kuni.

Najiambia kwamba nikisema watu watadhani niliyapanga tangu mwanzo kwa ajili ya Samah. Najiambia pia kwamba Siti hatarudi, hata nikisema. Nina sababu nyingi, na nikizipitia moja moja zote zinanisaidia mimi. Sijasema.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Sijasema.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Siti wa kijijini anakaa nyuma darasani sasa, peke yake. Hakuna anayetaka kukaa naye. Nilimwita ubaoni akaangusha chaki. Sijasema.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuu kafurahishwa na kazi yangu. Alhamisi nitafundisha walimu wa skuli tatu fomula ile ile. Nilifungua mdomo nikasema ahsante.

Alhamisi, 15 Mei

Walikuja walimu kumi na wanne. Nilivaa vizuri. Nilieleza kwa ufasaha, na jambo baya zaidi ni kwamba safari hii nilikuwa naijua kweli fomula, kwa sababu nusu ya mwezi sikuwa na kitu kingine kichwani.

Mwalimu mmoja kijana, Bi Khairat, akanyoosha mkono. "Dada Nadhira, na majina yakifanana je? Kwetu nna Abrahman Ali Abrahman watatu."

Mwalimu Silima alikuwa ameketi nyuma. Alivua miwani.

Nikajibu bila kusita. "Hapo usitafute kwa jina, maana italeta wa kwanza tu. Kila mtoto mpe namba yake, na walimu wote waandike namba kwenye karatasi za alama." Bi Khairat akaandika kwenye daftari lake. Wakanipigia makofi.

Walipoondoka Silima alibaki. Akasema, "Jibu unalo."

Nikaanza kukunja waya wa laptopu.

"Mie nimeona tangu tarehe ishirini na mbili. Nlikwenda stoo nkafungua mafungu, nkaziona karatasi mbili za Hesabu."

"Kwa nini hukusema, Mwalimu?"

Alikuwa anaikunja na kuikunjua mikono ya miwani. "Nlitaka uumbuke. Nkasema n'ngoje, atagundua mwenyewe, aje kwangu aniombe radhi kwa kile kicheko. Siku zikapita. Ntoto kaondoka nami nangoja." Akavaa miwani. "Miaka ishirini na miwili sijamkosesha ntoto alama hata moja, Nadhira. Huyu nimemkosesha nami."

Nilikuwa nimezoea kumwona mzee wa rula na kikombe. Leo niliona mtu anayejificha mle mle ninamojificha mimi. Haikunipunguzia kitu. Tulitoka kwa milango tofauti.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesema.

Asubuhi nilikaa na Silima, yeye anasoma namba za usajili kutoka rejista, mimi nachapa. Tulipomaliza faili ilikuwa safi, Siti wawili, kila mmoja na alama zake. Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda ofisini kwa Mkuu nikamwekea laptopu mbele.

Mwalimu Marhoun aliipitia mistari yote kwa kidole. Kisha akainuka akafunga mlango. "Tutasema kompyuta iliingia virusi."

"Haikuingia virusi, Mkuu."

"Bi Nadhira, jana walikuja walimu wa skuli tatu hapa kukusikiliza weye. Nitawaambia nini? Na yule wa ishirini ni nani?"

"Ni mwana wa dada yangu."

Akakaa. Aliniuliza nimejua lini, nikamtajia tarehe. Hakunipigia kelele. Aliniambia kitanda cha ishirini na moja hakuna, na kwamba atakayekwenda Kojani ni mimi, skuli haitatuma mtu mwingine. Nadhani alitegemea nitakataa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimevuka Kojani. Bahari ilikuwa mbaya, nilitapika mara mbili, na kila nilipotapika nilikumbuka kwamba yule mtoto, akienda na kurudi kwao, huvuka hapa hapa na vitabu kwenye mfuko wa plastiki.

Niliipata nyumba kwa kuuliza Siti wa Mwatum. Nilijibiwa mara moja, hakuna aliyeniuliza Siti yupi. Bi Mwatum alikuwa ukumbini anasuka ukili. Alinyanyuka, akanitandikia mkeka mpya, akamtuma Siti alete maji ya kunawa. Alinifurahia. Alidhani nimekuja kumjulia hali.

Nikaeleza. Nilijaribu kuitaja fomula, nikaona naifanya ngao, nikaiacha. Nikasema, mwanao hakuiba. Mwanao ni wa tatu. Nilimsingizia mimi mbele ya watu, na nilipojua nikaficha.

Bi Mwatum aliuzungusha ukili mkononi mpaka ukaisha. "Weye siku ile nlikupa pweza wangu."

"Ulinipa."

"Ukanla?"

"Nilimla, Bi Mwatum."

"Na siku ile hukuwa ukijua."

"Siku ile sikuwa nikijua. Nilijua siku sita baadaye."

"Mpaka leo siku ngapi?"

Mimi ni mwalimu wa Hesabu na nilihesabu kwa vidole. "Kumi na saba."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nilikuwa nimeyapangia hata jibu. Alimgeukia Siti, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la maji. "Mwanangu, mie n'nakutaka radhi. Kila siku ulinambia, nami nkasema mwalimu hasemi urongo. Nimekaa wiki tatu sikusemezi. N'nakutaka radhi."

Sijapata kuona mama akimwomba mwanawe radhi. Siti aliweka birika chini akaenda kukaa karibu yake, wakashikana mikono. Mimi nilikuwa pale pale, kwenye mkeka mpya, na hakuna aliyekuwa na haja nami. Baadaye nikasema na mimi naomba radhi. Bi Mwatum akasema, "Haya, mwalimu," kisha akaenda kupakua chakula. Alinipakulia kama mgeni. Nikala tonge baada ya tonge, maana kuacha nisingeweza.

Jumatatu, 19 Mei

Mstarini. Silima alitaka tusimame wote wawili, nikamwambia zamu yake aifanye siku nyingine. Nikawaambia watoto mia nne kwamba Siti wote wawili hawakuiba kitu, na kosa halikuwa la kompyuta, lilikuwa langu. Na kwamba nilijua nikakaa kimya. Mahali hapo nikarudia sentensi nzima ili wa nyuma wasikie. Siti wa kijijini alilia tena.

Siti wa Kojani amerudi, amepewa kitanda nambari tatu.

Jumanne, 20 Mei

Zuweina amekuja kuchukua godoro na mwanawe. Alisimama mlangoni kwangu, hakuingia ndani. "Kwa mtoto wa watu umekuwa na moyo mwepesi, Nadhira. Wa kwenu ndiyo wa kumtoa kitandani." Nikamwambia kitanda hakikuwa chake. Akasema, "Ungesema hivyo kabla sijanunua godoro." Samah tukikutana skuli ananisalimu, ila anasalimu huku anafunga kiatu.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imepungua. Bi Khairat wa skuli ya jirani kanipigia simu, amewapa wale Abrahman watatu namba na mambo yake yamenyooka. Alinishukuru sana. Kwao habari haijafika, nikamweleza mwenyewe. Akasema anaitwa darasani.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya mwisho kabla ya likizo. Nimerudisha jaribio la Hesabu. Siti wa Kojani alipata tisini na moja, alama ya juu kuliko zote. Nikaita jina lake na namba yake, kama ninavyofanya sasa kwa kila mtu.

Alikuja mbele, akapokea karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu." Hakurudi kwenye kiti. Aliiweka karatasi juu ya meza yangu, akatoa penseli, akaanza kujumlisha. Swali la kwanza, la pili, la tatu, anaweka kidole kwenye kila alama. Hakufanya kwa ujeuri wala kunionyesha. Alifanya kama mtu anayehesabu chenji dukani kabla hajatoka. Alipofika mwisho akafungua faili langu la alama, kwa ruhusa yangu, akatafuta namba yake kwenye mstari, akalinganisha.

Nyuma yake Siti wa kijijini alisimama na karatasi yake mkononi, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Walipanga foleni mpaka mlangoni.

"Zimetimia," Siti akasema, akampisha aliyefuata.

Nikavuta kiti pembeni ili waone vizuri, nikasimama kando nikangoja mpaka wa mwisho akamaliza kuhesabu.